Wapangaji wa Fundi Polepole

"Dada, simamisha mashine kwanza."

Kitinda hakusimamisha. Alikuwa katikati ya mshono wa suruali ya shule, na katika kile chumba cha mafundi cherehani kila anayeingia hutaka mashine zisimame: mara mteja, mara muuza vifungo, mara mtu aliyepotea njia. Alimaliza mshono, akakata uzi, ndipo akainua macho.

Mbele yake alisimama mpaka rangi, mwenzake wa kazini wa kaka yake. Kofia ameikunja mikononi, na vidole vina rangi nyeupe ambayo haijakauka. Mpaka rangi haachi kazi bila kuosha mikono kwa mafuta ya taa na kuipangusa. Kitinda alilijua hilo tangu utoto wake.

"Kaka kaanguka ngazini?"

"Hakuanguka, dada. Tulikuwa tumeketi tunakula. Akaegemea ukuta. Nikamwambia, we Polepole, utaharibu shati, rangi mbichi hiyo. Hakunijibu. Tumemkimbiza hospitali. Wanasema moyo ulisimama hata kabla hatujafika."

Mashine za wenzake zikazimika moja baada ya nyingine. Waliokuwapo walisimulia baadaye kwamba Kitinda hakushika kichwa wala kujifunika uso. Alishika tumbo. Alilishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyewekewa amana ya watu, akasema kwa sauti ndogo, "Na hawa sasa?"

Fundi mwenzake wa karibu alidhani ana mimba. Hakuwa na mimba. Lakini alikuwa na viumbe hai tumboni, na viumbe hao walikuwa wa kaka yake.

Kitinda hakuwa amezaliwa na jina hilo. Alipewa na kaka mtu, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wao, na mama yao alipofariki, yule kaka ndiye aliyemlea. Alimpeleka shule akiwa amemshika mkono mmoja, mwingine umeshika ndoo ya chokaa. Kaka mwenyewe watu walimwita Polepole. Wapaka rangi wengine wangeingia chumbani asubuhi na mchana wamekwishamaliza, yeye bado anakwangua rangi ya zamani, anaziba nyufa, anapiga msasa, anapapasa ukuta kwa kiganja huku amefumba macho. Wenye nyumba walinung'unika. Halafu miaka ikapita, na kuta za wale wa haraka zikabambuka kama ngozi iliyoungua jua, za Polepole zikabaki zimetulia. Ndipo walipomtafuta tena kwa udi na uvumba.

Alikula vivyo hivyo. Kopo lake la chakula lilijulikana kila penye ujenzi: maharage au dengu, mboga za majani za aina mbili tatu, karoti mbichi, kitunguu, mkate mweusi wa nafaka isiyokobolewa, na tunda ambalo hakulimenya. Mkewe alilima mboga nyuma ya nyumba, na kilichochumwa ndicho kilichopikwa. Wenzake walimtania.

"Polepole, mbuzi anakulilia huko. Umemchukulia chakula chake."

"Mwulize kama amewahi kuumwa tumbo," angewajibu, akaendelea kutafuna.

Kitinda alikuwa mwingine kabisa. Yeye alipenda vilaini na vitamu. Kwenye droo ya mashine yake, palipotakiwa kukaa sindano na chaki, palikaa biskuti. Mkate mweupe, chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, na jioni kipande cha nyama kikipatikana. Mboga aliziita mapambo ya sahani. Wala hakuna aliyemlaumu. Alikuwa mzima, ana mume na watoto, anashona kutwa.

Kisha akapatwa na nimonia. Alilazwa akiwa hajitambui, na dawa kali za kuua bakteria ndizo zilizomwokoa, Mungu akiwa ameziongoza. Familia ilishukuru, ikamrudisha nyumbani. Lakini wiki haikupita, tumbo likaanza kuhara. Si kuhara kwa kula kitu kibaya, kunakokuja na kwenda. Huku kulikuja kukakaa. Akarudi hospitali, akapewa dawa, likatulia. Dawa zilipokwisha, likarudi kwa nguvu mpya. Ikawa ndiyo maisha. Akakonda hata nguo alizojishonea mwenyewe zikawa kama za kuazima. Mumewe alizoea kumbeba mpaka msalani, na yeye akazoea kuomba radhi kila mara, mpaka siku moja mume akamwambia, "Ukiniomba radhi tena nitakuangusha." Walicheka, kisha wakalia.

Daktari aliyemshughulikia alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyependa kuchora anapoeleza. Siku hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda na karatasi yake, akachora utumbo kama barabara ndefu yenye kona nyingi, na mwisho wa barabara akachora mji.

"Huu ni utumbo mpana. Mtu mzima huwa na bakteria humu wasiohesabika, wa koo nyingi sana. Wengi wao ni wema. Wamekaa kila mahali, wamejaza kila kiti, na mkorofi akija hapati pa kuketi. Sasa zile dawa za nimonia hazikuwa na namna ya kuchagua. Ziliua wa mapafu na hawa wa tumboni. Mji ukabaki mahame. Mkorofi mmoja, ambaye dawa hazimwezi vizuri, akaingia akajimilikisha."

"Basi mniletee dawa ya huyo mmoja."

"Tumekupa mara kadhaa. Tunampiga, anajificha, tukiacha anarudi, kwa sababu viti bado ni vitupu. Unahitaji wakazi, mama. Na wakazi hawapatikani dukani. Wanatoka kwa mtu mzima mwenye tumbo zuri. Tunachukua kinyesi chake, tunakipima magonjwa yote tunayoyajua, tunakichuja, tunakupitishia kwa mpira mwembamba."

Kitinda alimtazama akisubiri acheke. Hakucheka.

"Na nisipofanya?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hujabaki na mwili wa kuvumilia muda mrefu."

Katika ukoo mzima Kitinda hakuhitaji kufikiri amwombe nani. Alichohitaji kufikiri ni namna ya kuomba. Polepole alipokuja na mkewe kumtazama, alianza mara tatu akaishia njiani.

"Kaka, nina ombi."

"Sema."

"Ni ombi baya."

"Umemwua mtu?"

"Bado." Akafunika uso kwa shuka, akamwambia akiwa humo humo ndani ya shuka, maneno yote ya daktari kwa pumzi moja.

Wifi yake alikuwa wa kwanza. Alianza kwa kukohoa, kisha akainama, kisha ikabidi ashike chuma cha kitanda kwa kicheko. Polepole yeye alikuwa ameshika tama.

"Kitinda," akasema hatimaye. "Miaka yote natafuta kitu cha maana cha kukupa. Kumbe nilikuwa nakitupa kila asubuhi."

Hata Kitinda akatoka ndani ya shuka. Mwenyewe alisema hakuwa amecheka tangu aingie wodini.

Walimpima Polepole damu, wakampima kinyesi, wakamwuliza maswali ambayo alisema hata siku ya harusi yake hakuulizwa. Alikuwa safi. Daktari alikuwa na mwenzake wa chuo aliyechunguza koo za bakteria kwa mitambo, naye akapelekewa sampuli. Na siku ya kutoa sampuli hiyo ya kwanza, kwa kuwa Polepole aliomba aone kitakachotolewa kwake, Daktari akawaita wote wawili maabara, Kitinda akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Kilikuwa chumba kidogo kinachonuka dawa, friji linanguruma pembeni. Daktari aliweka tone kwenye kioo, akarekebisha hadubini, akasogea. Polepole akainama kwa jinsi alivyoinama kukagua ukuta. Akakaa hivyo. Kitinda alimwona mgongo ukitulia, mkono ukipanda taratibu kichwani, ukavua kofia, kama alivyofanya kila Jumapili mlangoni mwa kanisa.

"Wanatembea," akasema.

"Ndiyo."

"Hawa wote wametoka kwangu?"

"Hilo ni tone, Fundi. Ndani yako wanakaribia kulingana kwa wingi na chembe zote za mwili wako."

Akainuka. Macho yalikuwa yamelowa. "Na mimi nikiwa juu ya ngazi nilidhani niko peke yangu." Akainama tena. "Nani anawalisha?"

"Wewe. Kuna vitu unavyokula ambavyo tumbo lako haliwezi kuvisaga. Makapi ya nafaka, nyuzinyuzi za maharage na mboga. Vinateremka vizima mpaka chini, na huko ndiko wanakosubiri. Wao wana uwezo ambao wewe huna. Wanavila, na katika kula kwao wanatoa vitu vinavyolisha ukuta wa utumbo wako, ukakaa imara."

Neno ukuta lilimfanya ageuke. "Wanatunza ukuta?"

"Wanatunza ukuta."

"Kwa hiyo hawa ni wapangaji wangu," akasema Polepole, "tena wapangaji mafundi."

Kitinda akasogezwa, akaangalia. Aliona duara la mwanga, na ndani yake vijiti, nukta na vikoma, vingine vimetulia, vingine vinakatiza kwa haraka kama watu wenye safari. Alikuwa amesali maisha yake yote kwa Mungu aliyeumba mbingu na nchi, na alipowaza uumbaji aliwaza milima na nyota. Hakuwahi kuwaza kwamba kazi ile ile imefanyika pia gizani, ndani ya mpaka rangi anayetafuna karoti, bila yeye mwenyewe kujua. Alishika mkono wa kaka yake wenye ngozi ngumu.

Tiba ikapangwa, ikabidi isubiri majibu yote yatimie na mpira upatikane. Ndipo mambo yakaenda mrama, na hakuna aliyejua.

Polepole alitoka maabara akiwa mtu mwingine. Sasa kwa kuwa alijua anabeba zawadi, aliona aibu kwa namna alivyoilisha. Maharage? Majani ya uani? Mgonjwa wake apewe kitu kilichotokana na makapi? Akaamua, bila kumwuliza mtu, kula chakula cha hadhi. Nyama kila mlo. Mayai. Mkate mweupe uliokatwa vizuri. Maziwa, jibini, na keki. Kopo la kazini likaachwa kabatini. Mkewe alishangaa jiko lake kubadilika, akadhani mume amekumbuka ujana. Kazini wakamwuliza kama mbuzi amefariki. Naye akala kwa bidii ya mtu aliyetumwa, ingawa tumbo lilianza kumwuma na msalani akawa anakaa zaidi kuliko anavyokaa juu ya ngazi.

Siku zilipokaribia, akatakiwa kutoa sampuli nyingine. Majibu yalipokuja, Daktari alikuja nayo kitandani kwa Kitinda, kaka mtu na mkewe wakiwapo. Alitandaza karatasi mbili. Kila moja ilikuwa na nguzo iliyopakwa matabaka ya rangi. Kila rangi, akaeleza, ni ukoo mmoja wa bakteria, na unene wa rangi ndio wingi wao.

Hakuna aliyehitaji kumwonyesha Polepole tofauti ya rangi. Aliweka kidole palepale.

"Hii zambarau imekonda. Na hii kijani nyepesi huku haipo. Huyu fundi wenu aliishiwa rangi?"

"Hakuishiwa yeye," Daktari akasema. "Umeishiwa wewe. Umekuwa ukila nini, Fundi?"

Polepole akatazama dirishani.

"Mwambie," mkewe akasema. "Au nimwambie mimi. Daktari, huyu amekula mwezi huu kama yuko karamuni!"

Ikabidi aseme. Alitaja nyama, akataja mayai, akataja keki kwa sauti iliyokuwa inashuka. "Mtu akija kukuomba kitu kwa shida yake, humpi makombo, Daktari. Nilitaka mdogo wangu apate kitu cha heshima."

Daktari hakucheka wala hakukaripia. Alivua miwani akaipangusa muda mrefu.

"Cha heshima ulikuwa nacho," akasema. "Hawa waliopotea ndio waliozoea maharage yako. Umewanyima chakula chao. Unakula wewe, lakini unachokila kinaishia juu, hakiwafikii. Wachache sana wamebaki. Na wengine wakishikwa na njaa hugeukia ute unaoufunika ukuta wa utumbo, wakaanza kuula."

"Wanabandua rangi," Polepole akasema taratibu.

"Wanabandua rangi."

"Wamekwisha kabisa?"

"Siamini hivyo. Ukiwarudishia chakula, waliobaki wanaweza kuzaana tena upesi. Wana haraka kuliko wewe. Lakini sitaki kumpa mgonjwa hiki ulicho nacho leo." Akageuka kumtazama Kitinda, na wote wakageuka. Alikuwa mdogo kitandani pale, macho yamezama, midomo imepauka. Kila mmoja alijua swali lililobaki lilikuwa la nani atatangulia, wapangaji kurudi au mgonjwa kuondoka.

Polepole akapiga magoti kando ya kitanda. "Nimekuchelewesha, mdogo wangu."

Kitinda akafungua macho. "Wewe si Polepole?" akanong'ona. "Ulitaka kuniwahisha wapi?"

Toka siku hiyo kaka mtu alikula kama anapaka ukuta wa ikulu. Daktari alimwambia asirudie maharage tu. Kila mmea una walaji wake. Mkewe akachuma kila kinacholika nyuma ya nyumba. Maharage mekundu, meupe, dengu, njugu, shayiri, kabichi, vitunguu, viazi na maganda yake, matunda na maganda yake, na maziwa ya mgando asubuhi. Alitafuna akiwa ngazini, akiwa njiani, akiwa anasali. Kitinda akashikizwa kwa dawa na maji ya mshipani, na kanisani mchungaji akaomba kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya tumbo la mpaka rangi, akafafanua ili waumini wasishangae, wakashangaa zaidi. Mzee mmoja aliguna kwamba ni uchafu. Mchungaji akamjibu kwamba udongo pia ni uchafu, na angalia Bwana alichofanya nao.

Karatasi ya tatu ilipokuja, Polepole hakungoja aelezwe. "Kijani imerudi," akasema. Ilikuwa ukanda mwembamba tu, lakini ilikuwepo, na zambarau ilikuwa imenenepa.

Tiba yenyewe haikuwa na kishindo. Mpira, mfuko, kulala ubavu, kungoja. Mume wa Kitinda alisema hata kumshindilia mtoto dawa ya minyoo kuna kelele zaidi. Siku iliyofuata hakuhara. Siku iliyofuatia pia. Kisha asubuhi moja Kitinda alitoka msalani akitembea kwa miguu yake, akachukua simu akampigia kaka yake kazini.

"Kaka! Leo kigumu!"

Waliokuwa wanapaka rangi pamoja naye husimulia mpaka leo jinsi Polepole alivyosimama juu ya ngazi akipunga brashi, rangi inawamwagikia walio chini, anapiga kelele, "Kigumu! Jamani, mdogo wangu kapata kigumu!"

Kazi ya Kitinda mwenyewe ilianzia hapo. Daktari alimwambia waziwazi: "Hawa wageni wamezoea meza ya kaka yako. Ukiwalisha biskuti, watakufa ugenini." Droo ya mashine ikaondolewa biskuti. Mwanzoni maharage yalimjaza gesi, na wenzake wakafungua madirisha yote ya chumba cha kushonea, wakaimba nyimbo za kumtania. Alivumilia. Akaanza kwa kidogo, akaongeza, na ulimi wake ukajifunza. Wifi akamletea mbegu, akalima kijishamba chake kando ya ukuta. Na kila mchana, wapaka rangi wakiketi kula, simu yake ililia.

"Wapangaji wamekula?"

"Wamekula, baba mwenye nyumba."

"Wamekula nini?"

Akamtajia. Akisahau mboga, aligombezwa kama alivyogombezwa utotoni kwa kutofunga viatu. Miaka ikapita hivyo. Alinenepa, akashona sare za watoto waliokuwa hawajazaliwa alipougua. Mara moja alimwuliza Daktari jambo lililomkaa moyoni: je, wale viumbe bado ni wa kaka, au wamekwishakuwa wake?

"Siwezi kukuapia kwamba wote," Daktari alisema. "Lakini kuna watu waliopimwa miaka baada ya tiba kama yako, wakakutwa bado na wale wale wa aliyewapa. Wanazaana, wanakufa, wanazaana. Ni ukoo umehamia kwako. Wakipata chakula chao, wana sababu gani ya kuhama?"

Alitembea kwenda nyumbani siku ile bila kuhisi ardhi. Alikuwa amebeba watoto watatu tumboni mwake kwa nyakati zao, na sasa alijua kuna uzazi mwingine unaendelea humo bila uchungu, kizazi juu ya kizazi, na mababu wa wote hao waliwahi kuishi ndani ya kaka yake. Alisimama njiani akaomba, macho wazi, watu wanampita. Hakuomba kitu. Alimwambia Mungu tu kwamba ameona.

Sasa kaka amekufa, na Kitinda hawezi kula.

Nyumba ya marehemu ilijaa. Viti viliazimwa, chai ikapikwa, wanawake wakamketia huku na huku wakimsihi. Alikunywa maji. Kila alichopelekewa alikitazama, mkono ukagoma. Siku ya kwanza watu wakasema ni kawaida ya msiba. Siku ya pili mumewe akaanza kumtazama kwa hofu, maana alimjua alivyowahi kuwa, na uso ule ulikuwa unarudi.

Haikuwa huzuni peke yake iliyomkaba. Ilikuwa uzito. Kule chumba cha maiti mwili wa kaka ulikuwa baridi, na kila kilichokuwa hai ndani yake kilikuwa kimekwisha au kinakwisha. Duniani kote, mahali pekee alipojua kwamba bado kuna kitu cha Polepole kinachotembea, kinachokula na kuzaana, palikuwa ndani yake yeye. Aliogopa amana ile. Aliogopa kukosea kama mtu aliyekabidhiwa yai na kuambiwa avuke barabara. Na alijua vizuri kwamba kwa kutokula alikuwa anakosea kila saa inayopita.

Wifi alikuja mchana wa siku ya pili. Alikuwa amevaa nguo nyeusi na macho yamevimba. Hakuleta chai. Alileta bakuli, akaketi sakafuni mbele yake, akalitua kati yao. Maharage, mboga, na kipande cha mkate mweusi.

"Kula."

"Hakipiti, wifi."

"Hata kwangu hakipiti. Haya ndiyo niliyoloweka kwa ajili yake. Nimeyakuta kwenye maji, nikayapika, ningeyafanya nini?" Sauti ikakatika, akaikusanya tena. "Nisikilize. Mimi nimebaki na mashati yake na brashi. Wanangu wamebaki na pua yake. Wewe umebaki na walio hai. Halafu unakuja kuwashindisha njaa nyumbani kwangu, mbele yangu?"

"Wifi..."

"Usiniulie mume mara ya pili."

Wanawake waliokuwa karibu wakatazamana. Wengi hawakuelewa, na wawili wale hawakujali. Kitinda alinyoosha mkono. Tonge la kwanza alilitafuna mpaka likawa maji kabla ya kulimeza, na machozi yakaingia humo humo. La pili lilipita kwa urahisi kidogo. Wifi naye akachukua lake. Walikula hivyo bakuli moja, bila haraka, hakuna aliyewasemesha. Kitinda aliwaza kile kinachoshuka ndani yake, gizani, kwenye barabara ndefu aliyoichora Daktari, kuelekea kwa viumbe wasiojua kwamba kuna msiba. Walikuwa na njaa tu. Na chakula kinakuja. Akahisi woga ukimwachia, na mahali pake pakaingia ile hali ya siku ya hadubini, ya mtu aliyesimama mlangoni mwa kitu kikubwa kuliko yeye.

Walipomaliza, wifi alifuta bakuli kwa mkate, akaula, akaenda kutafuta wa kuchimba kaburi.

Fundi Polepole alizikwa siku ya tatu, mchana, baada ya ibada. Jeneza lilibebwa na wapaka rangi wenzake sita. Mchungaji alisoma, akaomba, akasema marehemu alikuwa mtu wa kazi na wa kanisa, mlezi wa mdogo wake, mume na baba. Waimbaji waliimba. Mjane alitia udongo kwanza, kisha watoto wake, kisha Kitinda. Alisimama mwenyewe, hakushikwa na mtu. Akachukua udongo kwa mkono wa kulia, akauachia, akasema, "Kwa heri, kaka. Mungu akupokee." Wanaume wakafukia kwa majembe, wakasawazisha, wakasimamisha msalaba. Mchungaji akatoa baraka. Watu wakashikana mikono, wakaondoka makaburini kwa miguu.